Wilhelm Bleek: Mtafiti Tunayemtumia Bila Kumtaja

Mwanafunzi wa mofolojia anapoandika kwamba nomino mtu imo katika ngeli ya 1 na watu katika ngeli ya 2, huwa anamtumia mtafiti wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1875. Hata hivyo, ni nadra kuliona jina la Wilhelm Bleek katika marejeleo ya tasnifu zetu.

Bleek alizaliwa Berlin tarehe 8 Machi 1827. Tasnifu yake ya uzamifu, aliyoiwasilisha Bonn mwaka 1851, ilihusu jinsia ya nomino katika lugha za Kiafrika, ilhali wakati huo hakuwa amekanyaga bara hili. Mwaka 1855 alifika Natal pamoja na Askofu Colenso ili kuandaa sarufi ya Kizulu. Mwaka uliofuata alihamia Cape Town, akamtumikia Gavana George Grey, kisha akawa mkutubi wa mkusanyo wa vitabu ambao Grey aliiachia maktaba ya umma ya huko.

Orodha ya machapisho yake si ndefu, na kitabu chake kikuu hakikukamilika. Sehemu ya kwanza ya sarufi linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika, iliyohusu sauti, ilitoka mwaka 1862; kipande cha sehemu ya pili, kuhusu nomino, kikafuata mwaka 1869. Kitenzi hakukifikia. Lakini humo ndimo jina Bantu lilimotumiwa kuitambulisha familia ya lugha zetu, na humo ndimo kila kiambishi cha ngeli kilimopewa nambari yake, umoja mbali na wingi mbali. Carl Meinhof aliurekebisha na kuupanua mfumo huo kuanzia mwaka 1899.

Nambari hizo ni za familia nzima, si za lugha moja. Ndiyo sababu ki- ya Kiswahili na isi- ya Kizulu zote ni ngeli ya 7. Ndiyo sababu pia orodha ya Kiswahili sanifu inaziruka ngeli za 12 na 13, jambo linalowatatiza wengi waliozoea A-WA na KI-VI za shule ya upili. Msemaji wa Kikuyu hatatizwi: ka- na tu- za udogishaji anazo kinywani kila siku.

Bleek mwenyewe, nadhani, angetaka akumbukwe kwa jambo jingine. Katika dibaji ya ngano za Wakhoikhoi alizozichapisha mwaka 1864, alidai kwamba lugha zinazotofautisha jinsia ya kike na ya kiume huzaa ngano za wanyama na ushairi wa kuhuisha vitu, na kwamba lugha za ngeli kama zetu hazina rutuba hiyo. Dai hilo halikudumu. Henry Callaway alichapa ngano za Wazulu mwaka 1868, naye Edward Steere akachapa hadithi za Waswahili wa Unguja mwaka 1870. Aliyelelewa kwa visa vya Sungura na Fisi hahitaji ushahidi zaidi. Nadharia aliyoithamini imebaki mfano wa dhana za kikoloni. Nambari za kupangia viambishi zimeishi.

Kuanzia mwaka 1870 aliiacha sarufi. Wasemaji wa lugha ya /Xam, Wasani waliokuwa wafungwa Cape Town, waliruhusiwa kuishi nyumbani kwake Mowbray. Mmoja wao, //Kabbo, alimsimulia yeye na shemeji yake, Lucy Lloyd, hadi mwaka 1873. Kumwita Bleek peke yake mwandishi wa kazi hii ni kuwadhulumu wasimulizi, na Lloyd pia, aliyeandika sehemu kubwa zaidi ya madaftari.

Bleek alifariki tarehe 17 Agosti 1875, akiwa na umri wa miaka 48. Kuhusu lugha hiyo alikuwa amechapisha ripoti mbili tu kwa serikali ya Cape. Lloyd alihangaika miaka mingi kabla ya kitabu cha masimulizi kutoka mwaka 1911. Kamusi ilikamilishwa na bintiye Bleek, Dorothea, ikachapishwa mwaka 1956, miaka minane baada ya bintiye naye kufariki. Wakati huo lugha ya /Xam haikuwa tena na msemaji, na madaftari yale, yaliyoingizwa na UNESCO katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, ndiyo hazina kuu ya lugha hiyo iliyobaki.