Grace Hopper: Mwanamke Aliyeifunza Tarakilishi Maneno

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili, awe wa Nyamira, Kisii au Mombasa, huichukulia tarakilishi kuwa chombo cha Kiingereza kisichomhusu sana mtaalamu wa lugha. Maisha ya Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa jeshi la majini la Marekani, yanaonyesha kwamba dhana hiyo haina mashiko.

Grace Brewster Murray alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906. Tangu utotoni alipenda kujua jinsi vitu vinavyofanya kazi. Akiwa na umri wa miaka saba alizifungua saa saba za nyumbani kwao, moja baada ya nyingine, ili aone kengele inavyolia. Alihitimu katika Chuo cha Vassar mwaka 1928, kisha akapata shahada ya uzamifu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934. Ndoa yake na Vincent Hopper, iliyofungwa mwaka 1930, ilivunjika mwaka 1945, lakini jina la mume akabaki nalo. Alifundisha Vassar hadi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Jeshi lilimwona kuwa mwembamba mno na mwenye umri mkubwa. Hakukata tamaa, na mwaka 1943 akakubaliwa katika kikosi cha akiba.

Mwaka 1944 alipelekwa Harvard kuitumikia Mark I, mtambo wa kukokotoa wenye urefu wa zaidi ya mita 15. Hopper na wenzake walihifadhi madaftarini vipande vya maagizo vilivyokwisha kufanya kazi sawasawa, wakaazimana na kunakili. Hata hivyo, binadamu anaponakili hukosea. Baada ya kujiunga mwaka 1949 na kampuni ya Eckert na Mauchly, iliyokuwa ikiunda tarakilishi ya UNIVAC, Hopper alitaka mashine yenyewe ifanye kazi hiyo. Vipande viliwekwa kwenye utepe, kila kimoja na nambari yake, mithili ya vitabu vya maktaba. Mwandishi wa programu alitaja nambari tu. Mashine ikavitafuta vipande, ikavipanga na kuviunganisha. Programu hiyo, A-0, ya mwaka 1952, ndiyo aliyoiita kompaila. Siku hizi jina hilo hupewa programu inayotafsiri maagizo ya binadamu katika lugha ya mashine.

Wengi walishikilia kwamba tarakilishi hujua hesabu tu. Hopper hakuridhika, katika miaka ya 1950 aliongoza uundaji wa FLOW-MATIC, ambayo maagizo yake yaliandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Kwa mujibu wa simulizi yake, alipowaonyesha wakubwa wake programu ileile kwa Kifaransa na Kijerumani, walishtuka kwamba mashine ya Kimarekani ingeelewa lugha za kigeni. Ikabidi abaki na Kiingereza. Kwa hiyo Kiingereza kilichaguliwa na watu, mashine haikukidai. FLOW-MATIC ikawa mojawapo ya misingi mikuu ya COBOL, lugha iliyoanza kubuniwa mwaka 1959.

Wazo la maktaba ya vipande lilirithiwa na lugha nyingine, ikiwemo C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mapema katika miaka ya 1970. Mtu anayeiandikia maktaba ya C tarakilishi kongwe ya kubebeka, kwa mfano Osborne 1 ya mwaka 1981, yenye uzito wa kilo 11 hivi na kumbukumbu ya kilobaiti 64, hufuata nyayo za Hopper. Hukusanya vipande vidogo vya kusoma kibodi, kuandika kiooni na kuhifadhi faili, akavipa majina ayatakayo. Soma, andika na hifadhi ni majina halali kabisa katika C, kwani Kiswahili hakina herufi zenye alama za ziada. Kikwazo ni ritifaa ya ng' tu, ambayo C haiikubali ndani ya jina.

Mtoto wa Nyamira hukua na Ekegusii, akajifunza Kiswahili na Kiingereza shuleni. Kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine ni kazi yake ya kila siku. Kompaila hufanya kazi ya namna hiyo. Hivyo basi, mwanafunzi wa isimu haingii katika fani hii akiwa mgeni mikono mitupu.

Hopper alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali wa nyuma (rear admiral). Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Mwaka 2016 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru. Alithibitisha kwamba tarakilishi inaweza kuagizwa kwa maneno. Maneno hayo yawe ya lugha gani, hilo ni jukumu la wenye lugha.