Faisal na Wananchi Walioulizwa Wasisikilizwe

Mtawala anapotangaza kwamba amekuja kusikiliza maoni ya wananchi, wananchi nao wana haki ya kumwuliza neno moja: je, jibu letu likiwa kinyume cha matakwa yako, utalifanyia nini? Swali hili si geni. Limewakabili watu wa nchi nyingi zilizotoka mikononi mwa dola moja iliyoanguka zikajikuta mikononi mwa dola nyingine iliyosimama. Leo tunapenda kumkumbuka mtu ambaye swali hilo lilimwandama tangu ujana wake hadi kaburini. Naye ni Faisal bin Hussein, aliyekuwa mfalme wa Syria kwa muda usiotimia miezi mitano, kisha akawa mfalme wa Iraq kwa miaka kumi na miwili.

Faisal alizaliwa mwaka 1885 katika nchi ya Hijaz. Alikuwa mwana wa tatu wa Sharifu Hussein bin Ali, wa ukoo unaonasibishwa na Mtume Muhammad na ulioshika madaraka ya Makka kwa karne nyingi. Utotoni alilelewa miongoni mwa mabedui, kisha akakulia Istanbul, kwani Sultani wa Waturuki alipendelea kuiweka familia hiyo mahali ambapo angeweza kuiona. Baba yake alipofanywa Amiri wa Makka mwaka 1908, Faisal alirejea kwao, na baadaye akaingia katika bunge la dola ya Osmania akiwa mjumbe wa Jeddah. Kwa hiyo hakuanza maisha yake akiwa mwasi. Aliitumikia dola hiyo, akitumaini kwamba Waarabu wangeweza kupata haki zao ndani yake.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoyageuza mawazo yake. Tarehe 6 Mei 1916, Jamal Pasha, aliyeitawala Syria kwa niaba ya Waturuki, aliwanyonga hadharani wazalendo wa Kiarabu katika miji ya Beirut na Damascus. Mwezi uliofuata Sharifu Hussein alitangaza uasi, na Faisal akawa jemadari wa jeshi la kaskazini. Waingereza walikuwa wamemwahidi baba yake kwa barua kwamba wataunga mkono uhuru wa Waarabu. Lakini mwezi ule ule wa Mei 1916 walitia sahihi mkataba wa siri na Wafaransa wa kugawana nchi hizo hizo, na mwezi Novemba 1917 wakatoa tamko la kuwaunga mkono Wayahudi kupata makao ya kitaifa katika Palestina. Shamba moja lilikwisha nadiwa mara tatu, na wenye shamba hawakuambiwa.

Mwanzoni mwa Oktoba 1918 Faisal aliingia Damascus akashangiliwa. Mwisho wa mwezi huo Waturuki wakaweka silaha chini, na utawala wao wa miaka mia nne katika nchi hizo ukakoma. Tarehe 7 Novemba Uingereza na Ufaransa zilitoa tangazo la pamoja, zikisema kwamba serikali za Syria na Iraq zitatokana na hiari ya wenyeji wenyewe. Wahenga walisema ahadi ni deni. Faisal alikwenda katika Mkutano wa Amani wa Paris mwaka 1919 kulidai deni hilo. Alipozungumza mbele ya wakubwa mwezi Februari hakuomba fadhila. Aliomba watu wa Syria waulizwe.

Rais Wilson wa Marekani alilikubali ombi hilo. Ufaransa haikutaka kupeleka wajumbe, na Uingereza nayo ikajitoa, hivyo tume ikawa ya Wamarekani peke yao, ikiongozwa na Henry King, mkuu wa chuo cha Oberlin, na Charles Crane, mfanyabiashara wa Chicago. Tume ilifika Jaffa mwezi Juni 1919, na kwa muda wa majuma sita ikazunguka Palestina na Syria, ikawasikiliza masheikh na mapadri, wakulima na wafanyabiashara. Ilipokea maombi ya maandishi 1,863 yenye sahihi zaidi ya 91,000. Katika maombi hayo, asilimia 80 yalitaka Syria iwe nchi moja isiyogawanywa, na zaidi ya asilimia 73 yalitaka uhuru kamili.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba Syria nzima ilisema kwa sauti moja. Wakristo wengi wa Kimaroni katika milima ya Lebanon waliitaka Ufaransa, kwa kuwa waliogopa kumezwa na walio wengi. Tena tume yenyewe iliona kwamba maombi mengi yalifanana maneno, dalili kwamba vyama vya siasa vilikuwa vimefanya kazi yao. Lakini hata ukiyatoa hayo yote, maana haikufichika. Waliotaka kutawaliwa na Ufaransa hawakufika hata sita moja ya maombi yote. Nayo Halmashauri Kuu ya Syria, iliyokutana Damascus, iliamua tarehe 2 Julai 1919 kwamba inataka uhuru na ufalme wa kikatiba. Ikiwa ni lazima kuwa na msaidizi, ilisema, basi awe Marekani kwa muda usiozidi miaka 20, au Uingereza iwapo Marekani itakataa, Ufaransa hapana. Iliongeza kwamba Wasyria si watu duni kuliko mataifa mengine ya Ulaya yalivyokuwa yalipoanza kujitawala.

Taarifa ya tume ilikabidhiwa mwezi Agosti 1919. Ikafungiwa. Haikuchapishwa mpaka Desemba 1922, wakati nchi zilikwisha gawanywa na mipaka imekwisha chorwa. Watu waliosafiri kwa punda kupeleka maombi yao mbele ya tume walikuwa wameyatia katika kisima kikavu.

Hapo Faisal alibanwa pande mbili. Waingereza waliondoa majeshi yao Syria mwishoni mwa mwaka 1919, wakamwacha ana kwa ana na Wafaransa. Mwezi Januari 1920 alifikia mapatano na Clemenceau, Waziri Mkuu wa Ufaransa, ya kukubali msaada wa Ufaransa kwa masharti. Aliporudi Damascus wananchi walimlaumu vikali. Tarehe 8 Machi 1920 Halmashauri ilitangaza uhuru na kumtawaza yeye kuwa mfalme. Majuma saba baadaye wakubwa walikutana San Remo, Italia, wakaipa Ufaransa udhamini wa Syria na Lebanon. Jenerali Gouraud alimpelekea Faisal onyo la mwisho tarehe 14 Julai. Faisal alilikubali, hata akaanza kulivunja jeshi lake. Gouraud alisonga mbele vivyo hivyo. Tarehe 24 Julai, katika bonde la Maysalun, Waziri wa Vita Yusuf al-Azma aliuawa akiongoza kikosi kidogo cha askari na raia wa kujitolea. Na tusisahau kwamba katika jeshi la Ufaransa siku hiyo walikuwamo askari kutoka Senegal, Algeria na Moroko, watu waliotawaliwa wakatumwa kuwatawalisha wengine. Siku chache baadaye mfalme alifukuzwa nchini.

Kama habari ingeishia hapo, tungemkumbuka Faisal kama mtu aliyedhulumiwa tu. Lakini maisha hayakumwacha salama hivyo. Mwaka huo huo wa 1920 watu wa Iraq waliinuka dhidi ya Waingereza, na maelfu wakapoteza maisha. Uingereza ikaona ni nafuu kutawala kwa mkono wa mfalme Mwarabu, na katika mkutano wa Cairo wa Machi 1921 ikamchagua Faisal. Ndipo ikaandaliwa kura ya maoni. Mwanasiasa mmoja maarufu aliyekitaka kiti hicho, Sayyid Talib, alikwisha kamatwa na kupelekwa Ceylon. Matokeo yalitangazwa kuwa asilimia 96 wanamtaka Faisal, ingawa sehemu za Wakurdi zilikataa au zilijitenga. Akatawazwa Baghdad tarehe 23 Agosti 1921.

Hili ndilo fundo la maisha yake. Katika Syria watu waliulizwa kwa uaminifu, na jibu likafichwa. Katika Iraq jibu liliandikwa kwanza, kisha watu wakaulizwa. Yule yule aliyeumizwa na njia ya kwanza alinufaika na ya pili, naye hakuwa mjinga asilijue hilo.

Wapo waliomwita kibaraka. Sisi hatuoni hivyo, ingawa hatusemi kwamba mikono yake ilikuwa safi kabisa. Alitumia miaka kumi na miwili kujaribu kukigeuza kiti alichopewa na mgeni kiwe kiti cha wenyeji. Mwaka 1922 aliwapa moyo waliopinga udhamini, mpaka alipougua kidole tumbo mwezi Agosti. Balozi Mkuu wa Uingereza, Sir Percy Cox, alitumia nafasi hiyo kushika madaraka yote na kuwakamata viongozi wa upinzani. Mfalme alipopona ilimbidi kukubali mkataba wa Oktoba 1922. Hata hivyo aliendelea kudai, hatua kwa hatua, na tarehe 3 Oktoba 1932 Iraq ikaingia katika Shirikisho la Mataifa ikiwa nchi huru, ya kwanza kutoka katika udhamini. Uhuru huo ulikuwa na kasoro: Waingereza walibaki na viwanja vyao vya ndege za kivita. Faisal alifariki Bern, Uswisi, tarehe 8 Septemba 1933, akiwa na umri wa miaka 48. Ufalme wake ulipinduliwa tarehe 14 Julai 1958, na mjukuu wake, Faisal wa Pili, akauawa siku hiyo. Kiti ambacho wananchi hawakukichonga hawakukililia kilipovunjika.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani habari hii ni ya mbali. Mkutano ule ule wa Paris ndio uliozigawa nchi zilizokuwa za Wajerumani. Mwezi Mei 1919 wakubwa waliikabidhi Uingereza nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na baadaye Rwanda na Burundi zikawa fungu la Ubelgiji. Hati ya Shirikisho la Mataifa ilisema kwamba Waarabu waliotoka chini ya Waturuki wasikilizwe katika kuchagua mdhamini wao. Kwa watu wa Afrika ya Kati haikusema hivyo, na Mkutano wa Paris haukuwaletea tume kama ile ya King na Crane. Wasyria walitupiwa jibu lao. Babu zetu hawakuulizwa hata swali. Syria iliwaona askari wa mwisho wa Ufaransa wakiondoka mwezi Aprili 1946. Tanganyika ilisubiri mpaka tarehe 9 Desemba 1961.

Tunajifunza nini? Mara nyingi wakoloni walidai kwamba watu waliotawaliwa hawakujua walitakalo, na kwamba kujitawala kungewashinda. Maombi yale 1,863 yanaikanusha hoja hiyo. Watu walijua, walisema, na walitia sahihi. Kilichokosekana hakikuwa akili ya wenye kujibu bali nia ya wenye kuuliza. Wala maonyo haya hayawahusu wakoloni peke yao. Serikali huru nazo huunda tume, hukusanya maoni na kuandika taarifa. Kila taarifa inayofungiwa kabatini kwa sababu haikumpendeza mkubwa inarithi ubaya ule ule wa mwaka 1919. Aliyekuuliza kisha akakupuuza amekudharau mara mbili.