Dalziel, mhandisi aliyezuia umeme kuua

Katika nyumba yenye umeme wa volti 240, iwe Plateau karibu na Eldoret au Nairobi, fyuzi ya ampea 13 hulinda nyaya, wala si uhai wa mwanadamu.

Pengo hilo lilimshughulisha Charles Dalziel, Mmarekani aliyezaliwa 1904 na kufundisha uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Akiwapima watu waliojitolea, aligundua kuwa mwanamume wa kawaida hushindwa kuachilia waya mkondo ukizidi miliampea 16 hivi, kiasi kisichoweza kamwe kuikata fyuzi hiyo.

Mnamo 1961 alibuni kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ya takriban miliampea 5 ikitokea, umeme hukatwa papo hapo.

Dalziel alifariki 1986. Uvumbuzi wake ungali unaokoa maisha.