Italo Balbo na Ndege za Majini

Italo Balbo alizaliwa mwaka 1896 karibu na mji wa Ferrara, kaskazini mwa Italia. Alipokuwa kijana alijiunga na chama cha Mafashisti, akaongoza vikundi vilivyowapiga wapinzani wa chama hicho. Chama kiliposhika utawala alipata vyeo vikubwa, na mwaka 1929 alifanywa Waziri wa Usafiri wa Anga.

Wakati huo marubani wachache tu walikuwa wamekwisha kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege. Balbo alitaka kundi zima la ndege za jeshi livuke kwa pamoja. Alichagua ndege iitwayo Savoia-Marchetti S.55. Ndege hiyo ilikuwa na viwiliwili viwili vya mbao, mfano wa mashua mbili zilizounganishwa kwa bawa moja. Juu ya bawa zilifungwa injini mbili. Rafadha ya injini ya mbele iliivuta ndege, na ile ya nyuma iliisukuma.

Umekwisha kujifunza kwamba chombo huelea kikisukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Ndivyo ndege hiyo ilivyoelea. Lakini kuruka kutoka majini ni kazi ngumu. Maji huizuia ndege, nayo haina budi kwenda mbio mpaka bawa lipate nguvu ya kuiinua. Ikijazwa petroli ya safari ndefu huwa nzito sana. Tena, hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo nguvu ya kuinua hupungua.

Hatari hiyo ilionekana Bolama, katika nchi ambayo sasa ni Guinea-Bissau. Usiku mmoja wa Januari 1931, ndege za Balbo ziliruka kuelekea Brazil. Mbili zilianguka, na watu watano walikufa. Nyingine ziliendelea na safari, na ndege 11 zikafika Rio de Janeiro.

Tarehe 1 Julai 1933, Balbo aliondoka Orbetello, Italia, akiongoza ndege 25. Zilisafiri tatu tatu, ili kila rubani amwone kiongozi wake. Redio zilileta habari za ukungu na upepo. Ndege moja ilipinduka Amsterdam, na mtu mmoja akafa. Nyingine 24 zilipitia Iceland na Kanada, zikatua Chicago, Marekani, tarehe 15 Julai. Huko mamia ya maelfu ya watu waliwashangilia. Wakati wa kurudi, ndege moja zaidi ilipinduka katika visiwa vya Azores, na rubani mmoja akafa. Zilizosalia zilifika Italia tarehe 12 Agosti.

Mwaka 1934 Balbo alipelekwa Libya, koloni la Italia, kuwa gavana. Tarehe 28 Juni 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa akirusha ndege kwenda kutua Tobruk. Askari wa Italia walidhani ni ndege ya adui. Waliipiga kwa mizinga, na wote waliokuwamo wakafa.

Safari zake zilionyesha kwamba ndege nyingi zaweza kuvuka bahari zikiongozwa kwa mpango mmoja. Zilionyesha pia kwamba sifa za kiongozi mmoja hulipiwa na maisha ya wengi.

Maswali
1. Kwa nini ndege ya S.55 ilielea?
2. Taja mambo mawili yanayofanya kuruka kutoka majini kuwe kugumu.
3. Kwa nini ndege zilisafiri tatu tatu?