Barghash alileta maji mjini, lakini yatoke wapi?

Ukimtaja Sultan Barghash bin Said, wengi hukumbuka Beit al-Ajaib, lile jumba refu la Forodhani, Unguja, lililojengwa 1883. Lakini wewe unayesoma hii ukiwa Kishushe, ambako leo unatafuta maji na kesho mvua inakata barabara, maisha yake yana funzo kubwa kuliko jumba.

Barghash alizaliwa mwaka wa 1837 hivi, mtoto wa Sayyid Said wa Oman na Zanzibar. Mwaka wa 1859 alijaribu kumpindua kakake, Majid. Akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, India, akakaa huko kama miaka miwili. Kumbe huo ndio wakati Bombay ilikuwa inakamilisha mradi wa kuleta maji kwa mabomba kutoka bwawa la Vihar, nje ya mji. Mradi ulianza kazi 1860, yeye akiwa hukohuko.

Unguja nako watu walikunywa maji ya visima, na visima vingi vilikuwa karibu na vyoo na taka. Kati ya 1869 na 1870 kipindupindu kikaua maelfu. Oktoba 1870 Majid akafariki, Barghash akashika kiti.

Hata hajatulia, Aprili 1872 kimbunga kikapiga. Meli zake zikazama bandarini, minazi na mikarafuu ya Unguja ikang'oka. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana baadaye ikawa shamba kuu la karafuu. Juni 1873 Waingereza wakamtishia kwa manowari mpaka akatia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa. Tusipake rangi hapa: utajiri wake ulitoka kwenye migongo ya watumwa, na hakukubali kwa hiari.

Pamoja na hasara hizo, alitia pesa kwenye maji. Alijenga mfereji kutoka chemchemi za kaskazini, upande wa Bububu, hadi mjini. Akajenga pia hamamu ya umma, ile ya Hamamni. Akafariki Machi 1888, punde tu baada ya kurudi kutoka safari ya Oman.

Sasa sikiliza hapa. Kuleta maji mjini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyatoa, na hiyo hata Barghash hakuimaliza. Enzi zake, nyuma ya Mji Mkongwe kulikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha mji na Ng'ambo. Ulinuka, ulijaa taka, lakini maji ya mvua yalikuwa na mahali pa kwenda. Wakati wa ukoloni ukafukiwa, kiwanja kikapatikana. Nyumba nazo zikazidi Ng'ambo, hadi kwenye mabonde. Ndiyo maana masika yakikolea, sehemu za chini za Ng'ambo hufurika, na miaka ya karibuni serikali imelazimika kukopa Benki ya Dunia ili ichimbe mitaro mikubwa. Bonde lilifanya kazi hiyo bure.

Rudi nyumbani sasa. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilionyesha Kenya nzima kwamba mvua ya siku hizi haifuati vipimo vya zamani. Mto Voi ukifura, aliyejenga kwenye njia yake ndiye hulia kwanza. Kishushe bado tuna nafasi, kwa sababu vituo vyetu ndiyo kwanza vinakua.

Kwa hivyo, kabla plot hazijagawanywa zote, tujue maji hupita wapi na tuyaachie njia. Mtaro usiishie uani kwa jirani, uishie kwenye silanga ambalo ng'ombe watakunywa kiangazi. Paa la shule lilishe tangi. Uwanja wa mpira ukikaa bondeni, mvua kubwa italala hapo siku mbili, bora kuliko sebuleni kwako.

Haya husemwa kwenye vikao vya maoni ya umma, kaunti inapopanga bajeti. Vijana huviachia wazee, halafu mvua ikija tunapiga picha. Kikao kijacho nenda, uliza swali moja tu: maji ya barabara hii mpya yatatokea wapi?