Danielle Bunten, fundi wa michezo aliyetaka watu wacheze pamoja

Kuna michezo ya video inayouzwa kwa mamilioni, kisha nyuma ya miaka miwili hakuna anayeikumbuka. Kuna mingine iliyouzwa kidogo tu, lakini mafundi wa leo wanaitaja kwa heshima, sawa vile watu wanavyotaja mzee aliyewafundisha kazi. Mchezo M.U.L.E., uliotoka mwaka wa 1983, iko mu kundi hilo la pili. Ziliuzwa disketi karibu 30.000 tu. Aliyeubuni, Mmarekani Danielle Bunten, alikufa mwaka wa 1998. Mafundi wa michezo wanamjua sana, lakini vijana wengi wanaoshika maneti kila jioni hawajawahi kusikia jina lake.

Bunten alishika wazo moja tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale lilipomkosesha makuta: mchezo una faida kubwa zaidi kama watu wanacheza pamoja.

Watoto sita na meza moja

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa pili mwaka wa 1949 katika mji wa St. Louis. Wazazi walimpa jina la mvulana, na kwa miaka mingi wachezaji walimjua kama Dan Bunten. Jina la Danielle lilikuja baadaye, na tutafika huko. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto sita. Jamaa ilihamia Little Rock, katika jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani. Makuta yalikuwa haba, na Bunten akiwa kijana alifanya kazi katika duka la dawa ili kusaidia nyumbani.

Nyumba yao haikuwa na utulivu kila siku. Alipokuwa mtu mzima, Bunten alikumbuka kwamba saa nzuri za jamaa yake zilikuwa zile za kucheza. Wakikaa kwenye meza moja, kila mtu akingojea zamu yake, ugomvi ulipoa kidogo. Kumbukumbu hiyo ilimfuata maisha yake yote.

Akasoma uinjinia wa viwanda kwenye chuo kikuu cha Arkansas na kumaliza mwaka wa 1974. Wakati wa masomo aliendesha duka la baiskeli. Kisha akafanya kazi ya kuchora kwa hesabu namna miji inavyokua na kuishi. Humo ndimo alizoea kuangalia uchumi kama mashini: ukigusa kipande kimoja, kingine kinatikisika.

Nakala hamsini

Miaka ile ordinatere ndogo za nyumbani zilikuwa zinaanza tu. Watu wengi walizitumia kucheza peke yao: mtu mmoja mbele ya ekrani, anapambana na mashini. Bunten aliona hapo kuna kitu kinachokosekana.

Mwaka wa 1978 alitoa mchezo wake wa kwanza, Wheeler Dealers, kwa ordinatere ya Apple II. Ulikuwa mchezo wa mnada wa watu wanne kwa wakati mmoja. Lakini Apple II haikuwa na nafasi ya kuunganisha watu wanne, kwa hiyo ilibidi kuuza mchezo pamoja na kifaa chake cha pekee cha kubonyeza. Michezo mingi ilikuwa inauzwa dola 15 ndani ya mfuko wa plastiki. Huu ulikuwa dola 35. Ziliuzwa nakala hamsini tu.

Mwingine angeacha. Bunten alitengeneza michezo mingine kadhaa, kisha akakusanya kikundi kidogo mu Little Rock: ndugu yake Bill, Jim Rushing na Alan Watson. Wakajiita Ozark Softscape. Wakati huo huo Trip Hawkins alikuwa ameanzisha kampuni mpya, Electronic Arts, na alikuwa anatafuta mafundi. Alipenda mchezo mmoja wa Bunten wa zamani juu ya biashara, Cartels & Cutthroats, lakini kampuni iliyoushika ilikataa kuuachilia. Ikabidi watengeneze mwingine, ulio bora zaidi. Huo ndio M.U.L.E.

Sayari ya Irata

Wachezaji wanne wanashushwa kwenye sayari yenye jina la Irata, yaani Atari likisomwa kinyumenyume. Atari ndiyo ordinatere iliyochaguliwa kwanza, juu ilikuwa na matundu manne ya maneti. Wale watu wanne wanaweza kukaa bega kwa bega mbele ya televizio moja.

Kila mmoja anapata kiwanja. Kisha ananunua nyumbu wa chuma. Nyumbu, tunajua, ni mnyama wa mizigo, mtoto wa punda na farasi, na anajulikana kwa ukaidi. Huyu wa mchezo ni hivyo hivyo: ukikosea kumfunga mahali pake, anatoroka na makuta yako yamekwenda. Unamtuma kulima chakula, kutoa umeme, au kuchimba madini. Kuna madini ya kawaida yanayotumika kutengeneza nyumbu wengine, na katika mchezo wa wajuzi kuna madini ya bei kali ambayo hayana kazi yoyote pale sayarini. Yanapelekwa nje tu.

Kila mwisho wa zamu soko linafunguka. Hapa ndipo akili ya Bunten inaonekana. Wauzaji wanasimama juu ya ekrani, wanunuzi chini. Muuzaji akishuka, bei yake inashuka. Mnunuzi akipanda, anakubali kulipa zaidi. Wakikutana, biashara imefanyika. Hakuna maneno ya kusoma, hakuna hesabu ya kuandika. Mtoto anaelewa kwa dakika moja, kwa sababu kila mtu aliyewahi kuvutana bei sokoni ameshafanya mwendo ule kwa miguu yake mwenyewe. Na watu wakikaa chumba kimoja, wanaanza kusemezana: niachie chakula kidogo, mwezi ujao nitakukumbuka. Kusihi, kutishia, kuahidi na kudanganya, yote hayo hayako ndani ya disketi. Yanatoka kwa wachezaji.

Kila mmoja anataka kuwa tajiri kuliko wengine. Lakini anayekosa chakula anapata muda mfupi wa kufanya kazi, na anayekosa umeme mashini zake zinazaa kidogo. Madini ya kawaida yakifichwa, nyumbu wanakuwa ghali kwa wote, pamoja na yule aliyeyaficha. Kama wote wanne wanakimbilia madini ya bei kali na hakuna anayelima, njaa inawapiga wote. Nyuma ya miezi 12 ya mchezo, mashini inahesabu mali ya kila mtu, kisha inahesabu mali ya sayari nzima. Mshindi wa sayari iliyoanguka hana cha kujivunia.

Bunten aliongeza jambo lingine la huruma. Mikosi ya ghafula haimwangukii mtu wa mwisho, na pale wawili wanapofunga sawa, aliye nyuma ndiye anayepewa. Hakutaka mtu yeyote ainuke mezani kwa hasira kabla mchezo haujaisha. Ni akili ya mtoto wa kwanza wa jamaa ya watoto sita.

Afrika ya mwaka wa 1890

Wakaguzi wa michezo walisifu M.U.L.E., lakini madukani haukukimbia. Watu wengi waliucheza kwa nakala za bure, walizopeana rafiki kwa rafiki, na Bunten hakupata kitu juu ya nakala hizo. Mwaka uliofuata, 1984, kikundi chake kilitoa The Seven Cities of Gold, mchezo wa mtu mmoja anayevuka bahari kwenda Amerika kwa niaba ya taji la Hispania. Mchezaji anaweza kupatana na wenyeji au kuwashambulia, na anaona matokeo ya chaguo lake. Uliuzwa zaidi ya nakala 150.000, mara tano ya M.U.L.E.

Hesabu ilikuwa wazi: mchezo wa mtu mmoja ndio unaolipa. Mwaka wa 1985 ukatoka Heart of Africa. Mchezaji anakuwa mgeni anayezunguka Afrika mwaka wa 1890, akitafuta kaburi la farao. Kwa msomaji wa Congo mwaka huo si wa kuchezea. Ndio wakati Leopold II alikuwa ameshika inchi nzima kama mali yake. Katika mchezo, bara linakuwa uwanja wa mtu wa mbali kutafuta hazina. Ukilinganisha na Irata, ambako hakuna anayekuja kuchukua na kuondoka, ni rahisi kuona ni mchezo gani kati ya hiyo miwili uliozeeka vibaya.

Bunten mwenyewe alirudi haraka kwenye wazo lake. Robot Rascals ya mwaka wa 1986 ilikuja na karata za kweli za kushika mkononi, na haikuwezekana kabisa kuicheza peke yako. Watu hawakuinunua. Mwaka wa 1988 ukaja Modem Wars, vita ya watu wawili, kila mmoja nyumbani kwake, ordinatere zikiunganishwa kwa laini ya telefone. Tatizo ni kwamba nyumba zilizokuwa na modemu zilikuwa kidogo sana. Akahamia kampuni ya MicroProse na kutoa Command HQ mwaka wa 1990, kisha Global Conquest mwaka wa 1992, ambao watu wanne waliweza kucheza kwa kuunganishwa. Kila mara alifika kabla barabara haijajengwa.

Jina jipya na mlango uliofungwa

Mwishoni mwa mwaka wa 1992 Bunten alibadili maisha yake. Akaanza kuishi kama mwanamke na kujiita Danielle Bunten Berry. Alikuwa mzazi, alikuwa ameshafunga ndoa na kuachana, na hatua hiyo ilikuwa na gharama kubwa kwake. Kazi ilipungua, na hakutoa tena michezo mingi kama zamani.

Katika miaka hiyo ilikuja nafasi ya kurudisha M.U.L.E. kwa mashini ya Sega Genesis, ile inayoitwa Mega Drive katika inchi nyingine. Wachezaji walikuwa mamilioni, na Bunten alihitaji kazi. Lakini wenye kuchapisha walitaka aongeze bunduki na mabomu, ili wachezaji wapigane. Alikataa. Aliona kwamba silaha zingeua kitu kilichofanya mchezo uwe mchezo: kwenye Irata unamhitaji jirani yako hata ukitaka kumshinda. Mradi ukafa hapo. Mtu aliyetaka sifa au makuta tu angekubali.

Mwaka wa 1998 chama cha watengenezaji wa michezo ya ordinatere kilimpa tuzo ya kazi ya maisha yake. Ilikuja dakika ya mwisho. Kansa ya mapafu ilikuwa imemshika, na tarehe 3 mwezi wa saba mwaka huo akafariki. Alikuwa na miaka 49. Alipokufa alikuwa bado anafanya kazi juu ya M.U.L.E. mpya, ya kuchezwa kwa intaneti.

Walichorithi wengine

Miaka miwili baadaye Will Wright alitoa The Sims, moja ya michezo iliyouzwa sana duniani, na akaitolea kwa kumbukumbu ya Bunten. Mwaka wa 2007 jina lake likaingizwa katika orodha ya heshima ya akademia ya Marekani ya sanaa hiyo. Mwaka wa 2009 ukatoka Planet M.U.L.E., nakala mpya ya kuchezwa kwa intaneti bila kulipa. Leo mamilioni ya watu wanacheza pamoja kila usiku kutoka miji tofauti, jambo ambalo Bunten alilisukuma wakati wengine waliliona ni upotevu wa makuta.

M.U.L.E. ya zamani bado inachezeka. Ni ndogo sana, na ordinatere yoyote iliyochoka inaweza kuifungua kwa programu zinazoigiza mashini za zamani. Picha zake ni vipande vya rangi, na sauti yake ni muziki mfupi unaorudirudia. Lakini ukiwakalisha watu wanne mbele yake, nyuma ya robo saa wanazungumza kwa sauti, wanacheka, wanalaumiana juu ya bei ya chakula, sawa vile watu wanavyozunguka meza ya dame ku avenue. Na mwisho wanajifunza, bila mwalimu kusimama mbele yao, kwamba madini peke yake hayalishi sayari, na kwamba jirani akianguka, soko linaanguka pamoja naye.

Mtoto wa Little Rock aliyependa saa zile za jamaa yake mezani alitafuta kurudisha saa hizo kwa watu asiowajua. Kila mara watu wanne wanapokaa na kufungua soko la Irata, anafaulu tena.