Daktari Barnardo na Watoto Waliovuka Bahari

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watu mashuhuri ambao matendo yao ni mema mwanzo hata mwisho. Leo nawaandikia habari za mtu ambaye sifa zake na lawama zake zimefungwa katika furushi moja. Jina lake ni Thomas John Barnardo.

Alizaliwa mjini Dublin, Ayalandi, tarehe 4 Julai 1845. Alipokuwa kijana aliazimu kwenda Uchina kuwa mmisionari, na mwaka 1866 akaenda London kujitayarisha na kusomea udaktari. Mwaka ule kipindupindu kiliua maelfu ya watu katika mitaa ya maskini, upande wa mashariki wa mji. Barnardo aliona watoto waliofiwa na wazazi, na wengine waliotupwa, wakilala nje katika baridi kali. Basi Uchina hakufika kamwe. Mwaka 1867 alianza shule ya watoto maskini, na mwaka 1870 akafungua nyumba ya kulelea wavulana mahali paitwapo Stepney Causeway.

Hapo mwanzo alipokea watoto kwa kadiri ya vitanda alivyokuwa navyo. Usiku mmoja mvulana wa miaka 11 aliomba mahali pa kulala, akaambiwa nafasi zimejaa. Baada ya siku chache alikutwa amekufa kwa njaa na baridi. Tangu hapo Barnardo aliweka tangazo kwamba hakuna mtoto fukara atakayekataliwa. Mwaka 1873 alimwoa Syrie Elmslie, nao wakaanza kazi ya kulea wasichana huko Barkingside. Kazi hiyo ikakua ikawa kijiji cha nyumba ndogo ndogo, kila nyumba na mama mlezi wake.

Tangu mwaka 1874 watoto walioingia walipigwa picha, na habari zao zikaandikwa daftarini: jina, umri, alikotoka mtoto, na jamaa zake kama walijulikana. Baadhi ya picha ziliuzwa ili kupata fedha, na kwa ajili hiyo aliingia mashakani. Mwaka 1877 wasuluhishi walichunguza mashtaka juu yake. Mengi walimwondolea, lakini walimlaumu kwa picha za kutunga, ambazo mtoto alionyeshwa kuwa fukara kuliko alivyokuwa.

Watoto wakazidi kuja, na nafasi haikutosha. Kanada ilikuwa na mashamba mengi na watenda kazi wachache. Waingereza wengine walikwisha kupeleka watoto huko tangu mwaka 1869, naye Barnardo akapeleka kundi lake la kwanza la wavulana mwaka 1882, na la wasichana mwaka uliofuata. Walivuka bahari kwa merikebu, kisha wakapanda gari la moshi mpaka nyumba ya mapokezi. Nyumba ya wasichana ilikuwa Peterborough, katika jimbo la Ontario. Kutoka hapo waligawanywa kwa watu walioandika barua kuwaomba, wavulana kwa kazi za shamba, wasichana kwa kazi za nyumbani. Kwa jumla, watoto wapatao 30,000 wa nyumba za Barnardo walipelekwa Kanada.

Hapa ndipo ninapoona uchungu. Mkulima aliomba mtoto mmoja, hakuomba ndugu watatu. Kaka alishuka kituo hiki, dada akaendelea mpaka kituo kingine, na mdogo wao pengine alibaki Uingereza. Wako waliopata walezi wema, wakapendwa kama watoto wa nyumbani. Wako pia waliopigwa, wakafanyishwa kazi kupita nguvu zao, wakadharauliwa kwa asili yao. Wala wengi wao hawakuwa yatima kamili; walikuwa na mama mjane, au baba asiye na kazi. Barnardo mwenyewe alikiri kwamba nyakati nyingine alichukua watoto bila ridhaa ya wazazi, akiamini kuwa anawaokoa. Mtoto mmoja, Harry Gossage, alikabidhiwa mtu aliyempeleka Kanada, hali mama yake alitaka ahamishiwe nyumba ya Wakatoliki. Mwaka 1892 shauri hilo lilifika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na Barnardo akashindwa.

Alifariki tarehe 19 Septemba 1905, akiacha watoto zaidi ya 8,000 katika nyumba zake. Safari za Kanada ziliendelea, lakini mwaka 1925 serikali ya huko ilikataza watoto wa chini ya miaka 14 kuingia bila wazazi.

Kwetu mtoto hufundishwa majina ya mababu, nami naweza kuyataja ya kwetu hata babu wa saba. Wajukuu wa watoto wale walipouliza asili yao, mara nyingi walijibiwa kwa kimya, maana wazee waliona aibu. Ndipo madaftari ya Barnardo yalipofaa. Wajukuu waliandika London, wakapata ukurasa wenye habari za babu yao, na pengine picha yake siku alipoingia. Orodha za abiria wa merikebu zimehifadhiwa Kanada, na hesabu ya watu ya mwaka 1891 huonyesha mtoto aliishi kwa nani. Kwa kulinganisha karatasi hizi, wengine wamegundua kwamba bibi yao alikuwa na kaka katika wilaya ya jirani, nao wawili walizeeka na kufa bila kuonana. Waziri Mkuu wa Uingereza aliomba radhi mwaka 2010, na Bunge la Kanada mwaka 2017.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona mtoto ni zaidi ya mali. Barnardo aliwapa maelfu chakula, kitanda na kazi, na kwa hayo namheshimu. Lakini umaskini wa mama si sababu ya kumnyang'anya mwanawe, wala mkate hautoshi kuwa badala ya ndugu. Nasi tutakaotoka shuleni hapa tukawe waalimu, waganga na maofisa, siku moja tutakabidhiwa watoto wa watu. Tukiwasaidia, tusiwatenge na ndugu zao. Na majina ya jamaa zao tuyaandike vema.